Nani Amerudi?

Nilimtupia wifi yangu mwiko matangani kule Lobule, ukiwa bado na ugali, na mpaka leo sijaomba radhi. Alikuwa amempiga binti yangu kofi. Mtoto wa miaka sita.

Kosa lake? Maiti ya baba mkubwa wa mume wangu ilipotolewa nje, wanawake waliangua kilio, vinywa wazi, mashavu yameloa. Binti yangu akaniacha, akaenda kusimama katikati yao, akapiga vigelegele. Vile vya furaha, virefu.

Kilio kikakatika. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akamfikia.

“Unacheka maiti? Angalia sura ya watu! Hauoni watu iko nalia?”

Mtoto akashika shavu. Macho ya mtu hakuyaangalia kamwe. Alimwangalia shangazi yake sikio. “Nani amerudi?” akauliza.

“Munasikia? Hii mutoto hana roho. Ni laana, na imetoka kwa mama yake, ile ya kusoma-kusoma.”

Ndipo mwiko ukaruka.

Mume wangu alikuwa Kampala na lori la tumbaku, kwa hiyo hakuna aliyenizuia. Siku ileile tulipanda lori la mihogo, tukarudi nyumbani kwetu Mvara. Juu ya magunia nilikuwa bado na hasira, lakini chini ya hasira palikuwa na hofu niliyokuwa nimeificha muda mrefu. Je, kama wifi anasema kweli? Huyu ndiye mtoto aliyenipita nikilia kama anayepita kiti. Nilifika kidato cha tatu, na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza mtoto wa namna hii. Neno usonji nilikuja kulisikia miaka mingi baadaye.

Nani amerudi? Nililirudia swali lake mara kadhaa, halafu likafunguka.

Miaka ile watu wetu waliokimbilia Sudan na Zaire wakati wa vita walikuwa wanarudi. Leo mjomba, kesho jirani aliyedhaniwa amekufa. Mtu akitokea njiani na mzigo wake, wanawake wanamkimbilia, wanalia, vinywa wazi, mashavu yameloa, halafu vigelegele. Mtoto wangu aliyaona hayo tangu alipoanza kutembea. Alikuwa amejifunza uso mmoja, tena kwa bidii: ukiona maji mashavuni na mdomo uko wazi, piga vigelegele. Kule Lobule uso ulikuwa uleule. Ila hakuna aliyerudi, na ndilo alilouliza!

Nikacheka juu ya ile mihogo mpaka machozi yakanitoka. Akautazama mdomo wangu.

“Nani amerudi?”

“Wewe, mama,” nikamwambia. “Wewe ndiye umerudi.”

Akapiga vigelegele, na utingo akagonga bodi akidhani tunataka kushuka.

Tangu siku hiyo niliacha kumdai asome sura yangu. Nilitangaza kwa mdomo: nimekasirika, nimefurahi, nina uchungu. Majirani walipata mchezo. “Mama, leo umekasirika au bado?” waliniuliza kisimani. Bado, nawajibu, lakini mkiendelea nitatangaza.

Hofu ilikuwa imenitoka. Kisha jioni moja wifi yangu akaja na kikapu cha karanga, akaketi, akitabasamu, mtamu kama asali. Nilikuwa karibu kumwamini. Mtoto hakumtazama usoni. Alitazama mpini wa kikapu.

“Mikono ya shangazi inagombana,” akasema.

Nikaangalia. Vidole vilikuwa vinaunyonga ule mpini. “Wifi,” nikasema, “umefuata nini?”

Tabasamu likaisha. “Ukoo umesema mutoto aende Koboko. Iko mganga, atamuchanja kichwa, ile kitu itoke. Kesho asubuhi nabeba yeye.”

Hutambeba, nikasema moyoni. Wifi alipokwenda kulala nilichukua kalamu, na kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kwa mwenyekiti wetu wa RC One, baraza la kijiji, mtoto mkononi, na karatasi hii:

“Kwa Mwenyekiti na Kamati. Namlalamikia wifi yangu kwa mambo mawili. Kwanza, alimpiga binti yangu matangani. Pili, anataka kumchukua bila ruhusa yangu, achanjwe kichwa. Mtoto huyu hana laana. Aliona watu wanalia kama wanavyolia wakirudishiwa ndugu zao, akashangilia pamoja nao. Sisi wakubwa ndio tuliomfundisha. Naomba wifi aitwe leo, mbele ya watu, aambiwe mtoto haondoki kwangu. Na akitaka mtoto ajue kwamba amekasirika, aseme kwa mdomo. Asimwonyeshe kwa sura, wala kwa kofi. Aseme tu, mtoto atasikia. Mimi, mama yake.”