Gitaa Lililoitwa Kokugonza

Kila nipitapo kwa fundi redio pale Mkolani na kunusa moshi wa risasi ya kulehemia nyaya, wivu wangu wa zamani huamka. Msinicheke. Nililionea wivu gitaa.

Lilikuwa gitaa la umeme la baba yangu, mwalimu, Mhaya aliyehamia Butimba, Mwanza, na sanduku moja la nguo na hilo gitaa. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebanduka pale mkono ulipoegemea, shingo iliwahi kukatika ikaungwa kwa gundi ya seremala, na nyaya za ndani zililehemewa sijui mara ngapi. Mimi nilibatizwa Paskalia, basi. Jina tamu la nyumbani, Kokugonza, baba alilipatia gitaa. Jioni akirudi, nilimpokea mfuko na kumwamkia shikamoo. Marahaba yake ilitoka huku macho yameshafika pembeni, kule gitaa lilikolala limefunikwa blanketi. Nikimlalamikia mama, alicheka tu. "Mwanangu, hata mimi nilimkuta."

Kisha baba akahamishiwa shule ya kijiji cha ujamaa ng'ambo ya ziwa, ambako umeme ulikuwa haujafika. Gitaa la umeme pasipo umeme ni ubao. Ikabidi liuzwe. Nilifurahi hadi nikaosha vyombo bila kuambiwa.

Mnunuzi alikuja Jumapili tuliporudi kanisani: Bwana Salum, mpiga gitaa wa mjini, kanzu nyeupe pee. Alilinyanyua, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake kuona kama imepinda. Akapitisha ukucha juu ya vile vyuma vya shingoni vilivyolika. Akaligonga mgongoni, akatega sikio. Halafu akalipakata.

"Mwalimu, kwetu muuzaji hutaja kasoro kwa kinywa chake. Nitajie."

Baba akataja. Shingo. Vyuma. Kitufe cha sauti kinachokoroma. Akaendelea na zile zisizoonekana: eti masika nyuzi hulegea, eti halipendi kupigwa na mtu mwenye haraka. Bwana Salum akaanza kujikuna kidevu.

"Mwalimu, unaniuzia au unanifukuza?"

Nikaona wazi kwamba litabaki, tutavuka nalo ziwa, na kule nako litalala na blanketi. Nikajikuta nimesimama katikati ya sebule.

"Lakini linalia vizuri! Baba akilipiga, majirani wanaacha ugomvi. Mama anaunguza ndizi kwa kulisikiliza!"

Yote yalikuwa kweli, na kila neno lilinichoma ulimi. Kumsifu adui si mchezo. Bwana Salum alicheka hadi kofia ikasogea.

"Shahidi huyu hana hila. Nalichukua."

Baba alinitazama kwa muda.

Kijijini nikampata baba mzima mzima. Jioni, tukishatoka shamba la kijiji, alikaa kizingitini, akanivuta kifuani na kunishika mkono. Vidole vyake vilinibonyeza taratibu toka kiwiko hadi kiganja, vikipanda, vikishuka, vikitulia mahali. Nilifumba macho kwa raha. Nilijua nimeshinda, acha yule mwekundu alie huko Mwanza mpaka achoke.

Miaka mingi baadaye, baba ameshatutoka, nilialikwa harusi Kiseke, wakaniketisha karibu na mpiga gitaa. Nikawa natazama mkono wake wa kushoto: vidole vikipanda shingoni, vikishuka, vikitulia mahali. Ngozi yangu ilivitambua kabla sijafikiri lolote. Kumbe zile jioni zote baba hakuwa kizingitini na mimi. Alikuwa na Kokugonza. Nikaweka soda yangu mezani, nikamwonea wivu upya kabisa, na safari hii hapakuwa na mnunuzi wa kumwita.