Marehemu Anaolewa Ukurasa wa 113

"Mjomba, marehemu anaolewa!"

Ndivyo nilivyoamkiwa siku ya nne ya likizo ndefu. Bila hodi, bila salamu.

Aliyesimama mlangoni pa karakana yangu alikuwa binti wa jirani, miaka kumi na mitatu. Tunamwita Wakili, kwa sababu tangu aanze kuongea hajashindwa ubishi hata mmoja. Mkononi ana kitabu, macho yamemtoka.

"Marehemu yupi?" nikauliza polepole. Mimi ni mtu wa polepole.

"Huyu hapa! Kauawa ukurasa wa tano. Mpelelezi anahangaika kitabu kizima. Ukurasa wa 112 anasema, 'Muuaji yumo humu chumbani.' Nageuza, wa 113, harusi! Watu wanacheza! Na bibi harusi jina lake ni lile lile la marehemu!"

Nikapokea kitabu. Nikasoma. Nikarudi nyuma, nikasoma tena.

Jamani, nilitafuta kiti.

Kitabu kile nilikishona mimi.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nafungua vitabu vibovu naangalia vilivyoshonwa, kisha navifunga tena, hadi mkono ukazoea.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu, na ndiye anayetunza chumba cha maktaba shuleni kwake. Shule ilipokaribia kufungwa aliniletea vitabu vya hadithi arobaini, vya mfululizo mmoja ila kila kimoja na hadithi yake, kimo kimoja, kurasa 128 kila kimoja. Vyote uzi umekatika.

"Mdogo wangu, usiniangushe," aliniambia. "Mwalimu mkuu kasema likizo hii ikipita watoto hawajasoma, kile chumba anakifanya stoo ya viti vibovu. Na atawahoji mwenyewe, mmoja mmoja."

Miaka tisa dada yangu amekihangaikia chumba kile. Rafu kapaka rangi kwa mikono yake.

Sasa, kitabu cha aina ile ni mikunjo minane ya karatasi, kila mkunjo kurasa kumi na sita, yote imeshonwa pamoja mgongoni. Mimi nina utaratibu wangu. Natenganisha vitabu vyote, napanga marundo manane: mikunjo ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, hadi ya nane. Kisha nachukua wa juu katika kila rundo, nashona, kitabu cha kwanza hicho. Nachukua tena wa juu, cha pili hicho.

Kazi safi, haina kelele.

Ila kwenye rundo la nane, mkunjo wa juu kabisa uliteleza ukaingia chini ya meza. Sikuuona. Nikaja kuuona nilipofika kitabu cha arobaini, nikakuta rundo la nane limeisha. Nikainama. "Ahaa, kumbe umejificha huku," nikasema, nikaushona, nikajipongeza kwa chai.

Hesabu wewe mwenyewe. Mkunjo mmoja tu, na kila kitabu kikabeba mwisho wa mwenzake; marehemu na bibi harusi wamefanana jina tu.

Nilienda shuleni kukiri kwa dada. Nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Nikajua leo ndiyo leo.

Akaangua kicheko. Akacheka hadi akashika rafu.

"Dada, nipe wiki mbili. Navifungua vyote, navishona upya."

"Hebu angalia nje kwanza."

Nikachungulia. Mpaka jana yake walikuwa wameazima vitabu watoto sita, tena kwa kusukumwa na mama zao. Sasa mlangoni kulikuwa na foleni. Wakili alishapita mtaa mzima akitangaza kuna marehemu anaolewa.

"Ukigusa hata uzi mmoja," dada akaniambia, "mimi na wewe hatujuani."

Jioni yake vitabu vilikuwa vimekwisha rafuni.

Kilichofuata sikukitegemea. Karakana yangu ikageuka soko. Watoto wanaingia na kutoka, kila mmoja anatafuta mwisho wake.

"Nani ana rubani? Wangu kaangukia jangwani, maji yamemwishia, nageuza ukurasa nakuta anajifungua mapacha!"

"Mapacha ni wa muuguzi wangu! Lete hapa!"

"Kwanza sema rubani wangu yuko kwa nani."

"Sijui, mimi nina wachimba madini."

"Wachimba madini walitoka?"

"Usimwambie! Usimwambie, mimi ndiyo kwanza nakisoma!"

Mmoja mfupi, tunayemwita Kifuniko, ambaye mama yake aliapa hajawahi kumaliza hata barua, alikaa chini ya meza yangu siku tatu. Alikuwa na mwisho wa mabaharia, akaupenda hivyo hivyo bila mwanzo, akaamua kuutafuta mwanzo. Mtoto anasoma kwa kurudi nyuma! Nilitaka kumrekebisha, nikajiuliza, kwani kuna ubaya gani?

Wakili naye akaweka sheria, akaibandika mlangoni kwangu bila kuniomba ruhusa: hupewi mwisho mpaka umsimulie mwenye nao kurasa zote 112 za nyuma, na yeye ana haki ya kukuuliza maswali matatu. Ukikosea, rudi ukasome.

Wakaitii. Sheria za nyumbani hawazitii, hiyo wakaitii.

Zikabaki siku tatu shule ifunguliwe. Mchana, karakana imejaa, mara mlango ukasukumwa. Nikainua macho kutoka kwenye sindano.

Mwalimu mkuu.

Suti ya kijivu, mkoba kwapani, uso umekunjwa kama karatasi ya kufungia maandazi. Watoto wakabanana ukutani. Kifuniko akajivuta ndani zaidi chini ya meza.

Nikaona bora nimwahi. "Mwalimu, kosa ni langu. Dada yangu hahusiki. Vitabu vyote arobaini nimevivuruga miisho. Kama ni kuadhibu, niadhibu mimi, chumba kiache."

Akafunga mlango. Akafungua mkoba, akatoa kitabu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Hiki nilikichukua kukagua kazi yako," akasema kwa sauti ya chini. "Nikakikagua hadi ukurasa wa 112. Mpishi wa mfalme kashika bakuli. Sumu imo. Mfalme kanyoosha mkono. Nageuza ukurasa, fundi, niko kwenye mechi ya mpira!"

Watoto wakabanduka ukutani, wakasogea.

"Wiki mbili sina raha. Mke wangu anauliza naumwa nini. Nimwambie naumwa mpishi? Mwisho wangu uko wapi?"

"Ninao mimi," akasema Wakili. "Hicho nilikisoma kabla hujakichukua, nikausaka mwisho wake hadi nikaupata."

"Lete, binti yangu."

"Mwalimu, kuna sheria." Akanyoosha kidole mlangoni.

Mwalimu mkuu akasoma ile karatasi. Akavua koti. Akakaa kwenye ndoo yangu ya gundi, akaanza kusimulia, mikono inapaa hewani, akimwigiza mfalme, akiigiza hadi kikohozi cha mpishi.

Wakili akasikiliza mpaka mwisho. "Swali la kwanza. Mpishi alipewa sumu na nani?"

"Na binamu wa mfalme."

"La pili. Aliificha wapi?"

"Ndani ya kitunguu."

"La tatu. Kwa nini hakukimbia alipopata nafasi?"

Mwalimu mkuu akakuna kichwa. "Nadhani... aliogopa?"

"Mwalimu," Wakili akasema kwa huruma kabisa, "umeruka sura ya sita."

Karakana ililipuka. Kifuniko alicheka akagonga kichwa kwenye meza. Mwalimu mkuu mwenyewe alicheka machozi, akavaa koti, akaenda kusoma sura ya sita. Kesho yake asubuhi alirudi, akajibu, akapewa mwisho wake, akausomea palepale amesimama.

Siku ya kufungua shule hakumhoji mtoto hata mmoja. Alisema yeye ameshahojiwa, inatosha. Viti vibovu vikapelekwa kwa seremala, na chumba cha dada yangu kikaongezewa rafu.

Nikamuuliza mwalimu mkuu kama sasa nivifungue vitabu nivirekebishe.

"Virekebishe. Lakini likizo ijayo, fundi, mkunjo wa saba nao uteleze."

Wazazi mnaonisoma, mimi sina elimu kubwa, nasema nilichokiona. Mtoto msimwambie kusoma ni muhimu. Hilo ameshalisikia hadi limemchosha. Mpeni kitabu, akifika patamu mnyang'anyeni, muulizeni anadhani itakuwaje.

Kisha kaeni mbali na mlango, atakapokuja kukidai asiwakanyage.