Kitambaa chekundu cha Mbweni kilichoogelea

Leo nusura nitupe kiumbe hai nikidhani ni takataka.

Niko Mbweni kwa mama mkwe. Maji yalikuwa yamekupwa, tukaenda miambani kutafuta pweza. Mie mtu wa Njombe, bahari naionaga kwa mbali tu.

Nikaona kitu chekundu juu ya mwamba mkavu. Nikajua ni kipande cha khanga, nikakiokota.

Kikajikunja mkononi mwangu!

Nilipiga ukelele, mama akaja mbio.

"Usimtupe! Huyo ni konokono wa baharini, hana gamba. Kwake ni kule kwenye matumbawe. Maji yamemwacha, na jua hili litamuua."

Akachota maji ya bahari kwenye ndoo, nikamtumbukiza humo. Tukatembea hadi maji yakatufika kiunoni (kuogelea sijui, mjue), tukainamisha ndoo.

Akazama kimya. Hakutikisika.

"Mama, tumechelewa."

"Subiri."

Jamani, akafunguka! Mapindo mekundu yenye ukingo mweupe yakatanuka, akawa mkubwa kama sahani. Akaanza kupanda, anajikunja na kujikunjua, anacheza kabisa, mpaka akapotea kwenye kina.

Nikamgeukia mama. Amezaliwa hapahapa, ana miaka sitini na tatu. Alikuwa amejishika mdomo.

"Nawaonaga wamelala tu," akasema. "Sikujua kama wanacheza."

Sasa anataka jina hasa la konokono huyo. Kasema nisiingie jikoni mpaka nilipate.

Watu wa pwani, nyie mnamwitaje?