Dakika Hamsini za Kuunganisha Ndege

Katika ofisi yetu ya tiketi tulimwita Mama Masaa. Ungemtajia mji wowote duniani, angekujibu kilomita na saa kabla kompyuta yangu haijafunguka. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, miaka kumi na tisa ya kuwapandisha wenzake, na tulimtania mpaka tukachoka: mpishi asiyeonja chungu chake. Alicheka tu, akavuta shali mabegani, akamwita mteja mwingine.

Alikuwa na sheria moja isiyopindika. Hakumuuzia mtu safari yenye chini ya saa mbili za kubadilisha ndege. Mteja angebembeleza, angefoka, angetaka kuonana na meneja, wapi! "Ya kwanza ikichelewa utanilaani," alisema, akimrudishia pasipoti yake. Wengine walihamia meza yangu, nikawauzia.

Jumatano saa sita mchana mkwewe alipiga simu. Binti yake wa pekee, muuguzi huko ng'ambo, alikuwa amegongwa na gari.

"Mama, njoo leo leo. Fahamu anazo, anakuulizia. Lakini madaktari wanasema kesho haimalizi."

Viza alikuwa nayo, maana mwezi uliofuata alipanga kwenda kumtembelea. Kilomita elfu kumi na moja. Nikamfungulia njia mbili. Moja ilikuwa ya saa ishirini na moja, saba kati yake za kusubiri njiani, na ingemfikisha Alhamisi saa nane mchana kwa saa zetu. Nyingine ilikuwa ya saa kumi na tano. Hiyo ingemfikisha saa moja asubuhi, ila ilikuwa na dakika hamsini tu za kuunganisha ndege.

"Nikatie ya asubuhi."

"Dada, dakika hamsini? Wewe?"

"Mwanangu anakufa, mdogo wangu. Kata!"

Nikakata, kwa mkono wangu huu. Ningeweza kumkatalia kama alivyowakatalia watu miaka yote, nami sikuthubutu.

Ndege ya kwanza ilichelewa kuruka saa nzima. Alipofika uwanja wa katikati, mlango ulikuwa umeshafungwa, na nafasi iliyofuata ilikuwa Ijumaa asubuhi. Alhamisi kutwa alinipigia nimtafutie kiti chochote, hata cha kukunja. Nilihangaika, sikupata. Mwenzetu wa meza ya dirishani akanong'ona kwamba haraka haraka haina baraka. Nilitaka kumzaba kofi.

Saa kumi na moja jioni binti alifariki. Nusu saa baadaye simu yangu ikalia. Ni Mama Masaa, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Ile safari nyingine, ya saa ishirini na moja. Ilifika?"

Nilikuwa nayo mbele yangu kwenye kompyuta. Ilitua saa saba na dakika hamsini, kabla hata ya wakati wake.

"Mtandao umekatika, dada."

"Usinidanganye. Ilifika?"

"Ilifika."

"Saa ngapi?"

Nikamwambia. Nikamsikia akihesabu polepole: kutoka uwanjani, foleni ya pasipoti, teksi, ngazi za hospitali.

"Zingebaki saa mbili na nusu," akasema. "Kwa saa mbili na nusu nzima ningekuwa nimemshika mkono."