Kondoo wa Hessie Amebaki Ng'ambo

Hessie Mawhinney, mjane wa milima ya Antrim, Ireland ya Kaskazini, alikuwa na kondoo jike themanini na dume mmoja, Meja. Kila mwaka kabla ya majike kupandwa, alivuka bahari na dume wake mpaka mnadani Uskoti. Marehemu mumewe alifanya vivyo hivyo. Bei ikiwa nzuri, dume anauzwa, ananunuliwa mwingine. Bei ikiwa ya matusi, anarudi nyumbani kufanya kazi yake.

Mwaka ule ilikuwa ya matusi. Hessie akamkamata Meja pembe, akamtoa mbele za watu, kidevu juu. Kiburi chake hicho!

Bandarini kule Uskoti daktari wa mifugo akasoma karatasi, akashusha pumzi.

"Mama, huyu harudi."

"Harudi vipi? Kazaliwa kule!"

"Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, akishavuka kuja huku, kurudi ni kama mgeni. Akae miezi, apimwe."

"Kijana, hii si nchi moja?"

"Kwa bendera, ndiyo. Kwa kondoo, hapana."

Wakubwa waliogopa kuurudisha mpaka wa nchi kavu na Jamhuri ya Ireland iliyobaki Ulaya, ule uliokula watu enzi za Wakatoliki na Waprotestanti kuuana, wakauchora baharini. Na Hessie alipiga kura ya kutoka. Hakudanganywa na mtu, alitaka mwenyewe.

Akamwacha Meja kwa mfugaji wa Uskoti, akarudi na tela tupu. Minada ya nyumbani ilikwishapita. Bila dume, masika hakuna wana-kondoo. Bila wana-kondoo, shamba linauzwa.

Jirani yake Malachy Darragh, mtu wa kutaka Ireland moja, alikuwa na madume wawili. Miaka mitano hawakusemeshana, tangu Hessie atundike bendera ya Uingereza langoni ili Malachy aione kila akipita. Siku tatu Hessie alizunguka jikoni, chai ikipoa. Ya nne akaenda. Malachy alikuwa anapanga mawe ya ukuta.

"Malachy."

"Hee! Bubu kanena."

"Niazime dume."

"Meja yuko wapi?"

"Ng'ambo. Wamemzuia."

Malachy akacheka mpaka akajishika ukutani. "Si nilikwambia siku ya kura..."

"Ulisema. Unaazima, huazimi?"

"Naazima. Ila wangu ni Mkatoliki, Hessie."

"Simpeleki kanisani."

Malachy akafuta macho. "Kesho asubuhi nitamleta."

"Mpitishe lango la nyuma."

"Unawaonea haya watu wako?"

Hessie akatazama kwake. Bendera ilikuwa imechujuka, upepo umeila pembeni. Kuishusha alishindwa, kuibadili hakuwa na nguvu.

"Nimechoka, Malachy. Mpitishe popote."

Kesho yake Malachy akampitisha lango la mbele, polepole, chini ya kile kitambaa, makusudi kabisa. Hessie alilifungua mwenyewe, akalishikilia mpaka kondoo akapita. Asante hakusema.