Mkilua wa Mama na Maji ya Papa

Harufu ya papa wa chumvi ikinijia, popote nilipo, hasira hunipanda kabla sijajua inatoka jikoni kwa nani. Wenzangu humsifu papa yule aliyekaushwa juani: humpika kwa nazi, humkaanga, humla na muhogo huku wakijilamba vidole. Mimi hufunga pua. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nimejitia ustaarabu na nimesahau nilikotoka. Sijasahau hata kidogo. Harufu ile hunirudisha juu ya paa bapa la sakafu la nyumba ya shangazi yangu, mtaa wa Sokomuhogo, mjini Unguja, nikiwa mtoto wa miaka kumi hivi, nimesimama mbele ya mkilua, mti wa maua ya kunukia, unaokufa. Watu wazima wananitazama mimi, na mmoja wao, mama yangu mzazi, anajua kuwa sikufanya kitu.

Hatukuanzia kwenye nyumba ile. Baba alikuwa msimamizi wa bustani katika shamba la tajiri mmoja huko Bububu, na tulikaa humo humo shambani, katika nyumba ndogo iliyozungukwa na maua ya Mama. Baada ya mapinduzi ya mwaka sitini na nne mwenye shamba aliondoka, shamba likagawiwa wengine, na sisi tukatakiwa tutafute pa kukaa. Dada yake Baba, Bi Raya, mjane asiye na mtoto, akatupa vyumba viwili katika nyumba yake ya mjini. Gari la ng'ombe lililotuhamisha lilikuwa moja tu, na Mama ilimbidi achague. Mlangilangi hauwezi kukaa ndani ya chombo, akauacha. Mkadi nao, pamoja na miba yake, akauacha. Akachukua vipandikizi vya mwasumini, shina la waridi la kienyeji lenye maua madogo yanayonukia, mbegu za mrehani alizozifunga kwenye pindo la kanga, na mche mmoja wa mkilua alioung'oa na donge lake zima la udongo mwekundu. Nilikuwa mdogo mno kuyakumbuka hayo, lakini nimehadithiwa mara nyingi jinsi Baba alivyonung'unika njia nzima kwa sababu kinu na mbuzi ya kukunia nazi vilibaki Bububu ili udongo upate nafasi.

Juu ya paa lile Mama alijenga bustani kwa vitu ambavyo wengine walivitupa. Mrehani aliupanda kwenye makopo ya maziwa, maana mizizi yake ni mifupi na hauna makuu. Waridi na asumini alizipa madebe ya mafuta ya taa, aliyoyachoma moto kwanza mpaka harufu ikatoka, kisha akayatoboa chini kwa msumari na kutandika vigae vya mitungi iliyovunjika ili maji yapite. Mkilua aliupa nusu ya pipa la mbao, na akauweka upande wa ukuta ambako jua la mchana halikuufikia. Udongo wa mjini ni chokaa na vumbi la mawe, haufai, kwa hiyo kila Baba alipokwenda Bububu aliagiziwa kikapu cha udongo mwekundu na samadi. Na kulikuwa na jambo moja ambalo katika nyumba yetu lilikuwa sheria: maji ya kuoshea samaki hayamwagwi. Samaki mbichi akioshwa, maji yale yenye damu na magamba yalipandishwa juu, yakawekwa kwenye madebe, na asumini zilitoa maua mpaka majirani wakawa wanatuma watoto kuomba. Shangazi mwanzo alicheka, akasema Mama amemletea shamba juu ya kichwa. Baadaye naye akawa mshika sheria kuliko Mama mwenyewe.

Mkilua si mti wa haraka. Miaka ikapita unaongeza jani moja moja, na wageni waliopanda juu waliusifu mwaridi wakaupita mkilua kama hawakuuona. Mama hakujali. Ua la kilua halina sura ya kumvutia mtu, ni la kijani na hujificha kati ya majani, lakini likiiva na kugeuka manjano hunukia nyumba nzima. Kwetu hilo ndilo ua la kikuba, kile kishada kidogo cha kilua, asumini, waridi na mrehani ambacho mwanamke aliyeolewa hukibandika kifuani. Msichana havai kikuba. Hukivaa akishakuwa mke wa mtu, na Mama alikuwa ameapa kuwa kikuba cha kwanza cha dada yangu Salma hakitatoka sokoni, kitatoka kwenye pipa lile. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Salma alichumbiwa, harusi ikapangwa baada ya Idi, na mkilua, kana kwamba umesikia, ukatoa matumba yake ya kwanza. Mimi nikapewa kazi mbili. Ya kwanza, kumwagilia maua kila alasiri, kupandisha ndoo kutoka bomba la uani kwa ngazi zile zenye giza. Ya pili ndiyo iliyonifanya niibebe ya kwanza bila kulalamika: siku ya harusi, mimi ndiye nitakayeingia chumbani kwa bibi harusi na sinia la maua.

Miezi ile bahari ilichafuka, samaki wabichi wakawa hawapatikani, na madukani nako kulikuwa na foleni kwa kila kitu. Tukawa tunakula papa. Shangazi alikuwa akimroweka usiku kucha kwenye beseni ili chumvi imtoke, na asubuhi, kabla sijaondoka kwenda skuli, nilimwona akipanda juu na beseni lile kichwani, anahema, anayagawa maji yale kila debe kidogo, na mengi zaidi kwenye pipa la mkilua kwa sababu ya harusi. Maji ya samaki hayamwagwi. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo mpaka leo linanikera, kwa sababu ubaya ungenipa mtu wa kumchukia. Alitaka kilua kinenepe. Haikumjia akilini kuwa maji yaliyomwosha samaki mbichi si sawa na maji yaliyonyonya chumvi ya papa. Mimi mwenyewe sikujua. Nilichojua ni kwamba baada ya wiki chache majani yalianza kuungua kingo, mrehani ukalala, na matumba ya mkilua yakaanza kudondoka, nikawa nayaokota sakafuni moja moja nayaweka mfukoni nisijue niyafanyeje.

Siku Mama, aliyekuwa amezongwa na foleni na shughuli za harusi, alipopanda na kuyaona, aliniita. Nilipofika, Shangazi alikuwa ameshaanza kumwambia.

"Mtoto huyu hamwagii maji, wifi. Akitoka chuoni kusoma Kurani anakwenda kucheza kibe na wenziwe. Miti imekufa kwa kiu."

"Nnamwagia, Mama. Kila siku nnamwagia. Shangazi ndo anatia maji ya papa."

Kofi lilinifika kabla sijamaliza. Halikutoka kwa Shangazi, lilitoka kwa Mama. Shangazi alikaa juu ya kiti cha mbao, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akasema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, "Mimi huyu? Miti hii n'naihudumia kwa mikono yangu." Na kweli aliihudumia. Mama aliinama kwenye pipa, akachota udongo kwa ncha za vidole, akautia ulimini. Nilikuwa karibu naye, nilimwona. Uso wake ulikunjika, akageuka pembeni akatema ndani ya kanga, na kwa kitambo tukatazamana macho kwa macho, mimi na yeye. Nikashukuru Mungu moyoni. Nikasema sasa atasema.

"Hukumwagia," akasema. "Umeniulia mkilua wangu."

Tangu hapo ikawa ndiyo hadithi ya nyumba. Asumini na kilua cha harusi vikanunuliwa kwa mwanamke mmoja wa mitaa ya Ng'ambo, vilivyochumwa tangu jana yake, vimeanza kuwa vyeusi kingo. Usiku wa kutunga maua wasichana wote wa ukoo walikaa chini kwenye mkeka na sindano zao, wakiimba na kutaniana, na mimi nilitumwa jikoni kuchambua mchele. Sinia la maua lilibebwa na binti ya jirani, mtoto ambaye hakuwahi kupandisha hata ndoo moja. Nilisimama mlangoni nikamwona Salma akibandikwa kikuba kile cha kununua. Alinitazama, kisha akatazama pengine. Miaka mingi baadaye, kila tulipogombana, na tuligombana sana, alikuwa hakosi kunirushia lile neno kwamba nilimfanya aolewe kwa maua ya watu. Mama naye alilisema kwenye kila harusi ya ukoo, akicheka, na wanawake wakacheka naye, na mimi nikatabasamu kwa adabu wakati moyo unatokota.

Shangazi alikufa, nyumba ikauzwa, na Mama akaja kukaa nami Mbweni. Hapa nina nafasi, mikilua yangu imo ardhini na madebe nimeyaacha kwa waridi na mrehani. Ulimwengu umegeuka. Mahoteli jirani humwaga asumini juu ya vitanda vya wageni wasioijua maana yake, na kwenye harusi zetu wenyewe siku hizi utaona maua ya plastiki yaliyopulizwa manukato ya chupa. Nilipomwoza binti yangu nilisema hapana, kikuba chake kitatoka uani kwangu. Tulikaa barazani tunatunga, na Mama, kwenye kiti chake, akaanza, "Huyu mnayemwona anajivuna na kilua chake, huyu ndiye..."

Nikaweka sindano chini. Nikamwambia, "Mama, uliuonja udongo."

Nilidhani atakataa, au atasema uzee umemsahaulisha. Hakusema hivyo.

"Niliuonja," akasema. "Ulikuwa chumvi tupu."

"Sasa mbona ulininyamazia?"

"Nyumba ile ilikuwa ya nani? N'ngemwambia wifi yangu ameua, tungelala wapi usiku ule? We ulikuwa mwanangu. Usingeweza kunitoa popote."

Nimelielewa jibu lake. Nimeliweka kichwani usiku na mchana, nimejitia katika nafasi yake, mgeni chini ya paa la mtu, foleni ya mchele inamsubiri kesho, na naona njia alizokuwa nazo zilikuwa chache. Nimelielewa, na bado nina hasira. Nina hasira na adabu iliyomlinda mtu mzima mwenye beseni kichwani ikamwacha mtoto mwenye ndoo, na nina hasira kwa sababu hata pale barazani hakuniomba radhi. Siku hizi mti wowote ukinyauka uani kwangu, kabla sijamwuliza mtoto nani amemwagia na nani hakumwagia, huchota udongo nikauonja mbele ya wote, na ninachokikuta nakisema kwa sauti. Wajukuu hucheka kumwona bibi yao anakula udongo. Mama hunitazama kutoka kwenye kiti chake, na tangu siku ile hajasema tena kwamba nilimuulia mkilua. Lakini waliolisikia neno lile miaka yote hawapo tena wa kurekebishiwa. Dada Salma alifariki kabla ya harusi ya binti yangu, na alifariki akiamini kuwa ni mimi.