Santuri ya Tabitha Ilimzika Mume Wangu Akiwa Hai

Nimekosa. Naanza na hilo ndio usije ukanihurumia mapema, halafu ukifika katikati ujute.

Jina langu sitaji. Mimi ni nyanya wa watu sasa, na kanisani wananipa kiti cha mbele. Wangejua! Lakini jambo hili nimelibeba tangu miaka ya sabini, na leo nataka kulitua.

Wakati huo nilikuwa fundi wa nguo mjini Nakuru. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la Mzee Kanji, Mhindi mmoja mpole aliyeuza vitambaa upande wa mbele na santuri upande wa nyuma. Nilikuwa nashona huku nasikiliza muziki bure, na jioni natembea kwa miguu mpaka Kaptembwo, kwenye chumba changu.

Nilikuwa nimehamia Nakuru kutoka Kamere, kule kando ya Ziwa Naivasha. Niliishi huko na mume wangu, Mwaura. Siku moja akaniambia anaenda Eldoret kutafuta kazi. Akaenda. Nilingoja, nikangoja, mwishowe dereva mmoja wa lori akaniletea habari kwamba Mwaura ana bibi mwingine huko na wala hana mpango wa kurudi. Hata koti lake hakutuma mtu alichukue.

Nilifungasha nikaondoka. Siku ya kwanza Kaptembwo, wanawake wa ploti niliyopanga chumba wakaniuliza pale bombani, "Na bwana yako yuko wapi?"

Nikasema, "Alifariki."

Haki ya Mungu, sikuwa nimepanga! Neno lilitoka tu. Lakini ungeona vile walinibadilikia! Mmoja alinibebea ndoo. Mwingine aliniletea uji. Mwanamke aliyeachwa anachekwa na kila mtu, wanaulizana alikosea nini, kama hajui kupika ama ana mdomo. Mjane anaambiwa pole. Nikaonja ile pole, nikaipenda, nikakaa nayo.

Sasa nikwambie juu ya Tabitha, kwa sababu yeye ndiye niliyemkosea.

Tabitha alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Miaka ya sitini alikuwa mtu mkubwa! Hakuna harusi wala dansi ya Nakuru iliyopita bila nyimbo zake za twist. Halafu mtoto wake wa pekee akafa kwa surua, na Tabitha akafunga mdomo. Alikaa miaka mingi akiuza viazi sokoni bila kuimba hata wimbo wa kanisa. Watu walizoea, wakasahau kwamba yule mama wa viazi aliwahi kuwachezesha.

Lakini karibu na mwisho wa miaka ya sabini, vijana wakaanza kuitisha muziki mpya wa ng'ambo, wenyewe wakiuita nyu wevu. Ngoma kavu, gita linalolia kwa mbali, na kinanda cha umeme kama cha kanisani. Siku moja Tabitha alikuwa anapita na gunia lake mgongoni, akausikia pale dukani. Akasimama mlangoni na mzigo wote mpaka santuri ikaisha.

"Mama," akaniambia, "nyumba yangu inasikika hivyo tangu mtoto aende."

Kesho yake alirudi akaongea na Mzee Kanji. Mzee alimkumbuka vizuri, maana aliuza sana nyimbo zake zamani. Akakubali kumgharamia santuri kubwa nzima, nyimbo kila upande.

Mimi ndiye niliyemshonea gauni. Jeusi tititi, refu mpaka chini, kola imepanda mpaka kidevuni. Picha ya jalada alipigwa kwenye makaburi ya zamani ya masetla wa Kizungu, amesimama katikati ya misalaba ya mawe, uso ameupaka poda nyeupe. Mzee Kanji aliishika ile picha akasema, "Arre, Tabitha! Wateja wangu watakimbia!"

Tabitha akacheka. "Wakimbie, mzee. Wakichoka watarudi kununua."

Hapo kwenye kupima gauni ndipo tulipozoeana kabisa. Alinieleza juu ya mtoto wake. Na mimi, kwa vile nilikuwa mjane wa mdomo, nikamweleza juu ya marehemu Mwaura. Nilimwambia kwao ni Mau Narok, kwamba mama yake anaitwa Njoki, kwamba alikuwa mrefu na alipenda kupiga mluzi. Nililia machozi ya kweli. Nilikuwa nalia kuachwa, yeye akaona nalia kufiwa. Alinishika mkono na pini zangu zote.

Baadaye akaniita nyuma ya duka. Yeye na Mzee Kanji walikuwa wamerudi na nyimbo walizorekodi Nairobi, bado hazijatengenezwa santuri za kuuza. "Njoo usikie wa mwisho," akasema. "Nimekuwekea kitu chako."

Wimbo ulianza na kengele. Kisha kinanda, polepole. Tabitha hakuimba, aliita. Aliita jina la mtoto wake, halafu majina ya watu wake wengine waliolala, kila mmoja na mama yake na kwao, kama wanavyoitwa matangani. Halafu kengele ikalia tena, na sauti yake ikasema: "Mwaura, mwana wa Njoki, wa Mau Narok. Mke wako anakulilia, na mimi nakulilia naye."

Woi!

Hapo ndipo ningesema! Tulikuwa watatu tu mle ndani, mimi na yeye na Mzee Kanji. Ningesema, "Tabitha, toa hilo jina, huyo mtu yuko hai." Wangenicheka kidogo, au wangenikasirikia, na jina lingetolewa. Lakini Tabitha alikuwa ananiangalia kwa upendo, anangoja kuona kama nimefurahia zawadi yangu. Nikajifunika uso na kitambaa nikalia. Akadhani nimeguswa.

Nikajiambia Mau Narok ni mbali, watu wa huko wanalima ngano na viazi, nyu wevu wataijulia wapi. Mjinga mimi!

Santuri ilitoka, ikapendwa! Vijana walijaa barazani mpaka nikakosa pa kuweka cherehani. Wasichana walikuja niwashonee kola za Tabitha. Yeye mwenyewe alianza kutembea ameinua kichwa, na siku moja nilimsikia akiimba akiosha vyombo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba kupitia ule ukuta. Kisha redio ikaanza kuupiga ule wimbo wa mwisho.

Wewe uliyezaliwa juzi labda hujui matangazo ya vifo. Siku hizo ukifiwa, unapeleka habari redioni, na jioni inasomwa: habari za kusikitisha ziwafikie fulani na fulani, popote walipo, kwamba fulani mwana wa fulani wa mahali fulani amefariki. Watu walikusanyika dukani kusikiliza. Na kengele na kinanda ilikuwa ni sauti ya msiba, hasa baada ya Rais kufariki na redio kutupigia muziki wa maombolezo siku nzima.

Sasa jioni moja mtangazaji akaupiga wimbo wa Tabitha muda mfupi kabla ya matangazo. Kule Mau Narok, Mama Njoki alikuwa amefika dukani kununua chumvi. Alikuta wimbo umefika mwisho. Akasikia kengele, akasikia kinanda, akasikia jina la mwanawe, jina lake mwenyewe, na jina la kwao. Mara baada ya hapo vifo vikaanza kusomwa.

Wewe ungeelewa nini? Alianguka pale pale na chumvi yake.

Nilimwona kwa mara ya kwanza barazani, mama mfupi amejitanda shuka, ameshikwa na wazee wawili. Walikuwa wameuliza Nakuru nzima mpaka wakaonyeshwa duka lenye ile sauti. Na Mzee Kanji, kwa roho yake nzuri, akawaambia, "Mke wa marehemu ndiye huyu, anashona hapa."

Yule mama akaniangukia shingoni. Hatukuwa tumewahi kuonana! Mwaura hakuwahi kunipeleka kwao. Akasema, "Mke wa mwanangu, kumbe niko na mtoto! Mbona hukuniambia tumefiwa? Tumemzika wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya pili. Nikamnong'oneza nini, Mzee Kanji asisikie? "Sijui, mama. Hata mimi nimesikia tu kwa santuri."

Unaona? Sikumwambia yuko hai, na tayari nikamsukumia Tabitha.

Walinichukua saa ileile mpaka Mau Narok, kabla Tabitha hajarudi kutoka sokoni. Nilinyolewa nywele pamoja na Mama Njoki. Nililala kitanda kimoja naye, akinifunika blanketi lake zito kwa baridi ya huko. Alinipa gauni lake. Alinikatia nyama laini akisema mjane asikae na njaa. Majirani walileta unga, viazi, kuni. Hakuna mtu amewahi kunipenda vile maishani mwangu, na yote nilikuwa naiba.

Halafu Mwaura akaja.

Mtu wa Mau Narok alikutana naye Eldoret, akapiga kelele akakimbia. Ndipo akajua kwao wanamlilia. Aliingia kwenye boma mchana, watu wamejaa. Wanawake walitawanyika, sufuria zikamwagika. Mama Njoki hakukimbia. Alimwendea, akampapasa uso kama kipofu, halafu akakaa chini kwenye matope.

Mwaura akaniona na kichwa changu cha kunyolewa. "Huyu nilimwacha Kamere," akasema. "Nani amesema nimekufa?"

Macho yote yakanigeukia. Mbele ya watu wote, aliyeniacha amesimama pale ana mashavu, na siri yangu imetajwa kwa sauti. Nikasema, "Ni Tabitha, yule mwimbaji. Mimi sijui alitoa wapi."

Wazee wakatuma watu Nakuru. Tabitha akaletwa bado na vumbi la viazi kwenye mikono. Wakamsimamisha katikati. Mzee mmoja akamwuliza, "Mama, nani alikupa jina la mtu aliye hai ulipeleke kwa wafu?"

Tabitha akamwangalia Mwaura. Akaniangalia mimi, akakiangalia kichwa changu. Nikaona ameelewa yote, palepale. Nikainamisha macho. Moyoni nilikuwa naomba, na ni aibu kusema nilichoomba. Niliomba aninyamazie.

Akasema, "Ni mimi. Nilichanganya majina. Nisameheni."

Na mimi nikanyamaza! Hiyo ndiyo dhambi yangu, ndugu msomaji. Uongo wa bombani ulinitoka bila kufikiri, lakini hapo nilifikiri kabisa, nikachagua kunyamaza.

Walichinja kondoo dume kumtakasa Mwaura. Wakamwambia Tabitha asirudie kuutoa ule wimbo kinywani. Habari zikashuka mpaka Nakuru kabla yetu, zimeongezwa chumvi: kwamba yule mwanamke wa gauni jeusi anaita watu walio hai kaburini, kwamba akitaja jina lako hufiki mwezi. Ile picha ya makaburini, ambayo watu waliipenda, sasa ikawa ndio ushahidi. Redio ikaacha kuupiga. Vijana walewale wakarudisha santuri barazani, wengine wamezivunja. Mzee Kanji alizirundika nyuma akazifunika na turubai, hakusema neno baya. Wasichana waliniletea kola za Tabitha niwafumulie. Nikafumua.

Sokoni watoto waliziba masikio Tabitha alipopita. Wanawake waliacha kununua viazi vyake.

Kutoka Mau Narok tulikuwa tumerudi pamoja nyuma ya lori la ngano, mimi na yeye, juu ya magunia. Hakuniambia chochote mpaka tukaanza kuuona mji. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru! Akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Ungeniambia tu umeachwa. Ningekuimbia wa kuachwa."

Ndiyo maneno ya mwisho ya maana aliyoniambia. Baada ya hapo ilikuwa ni salamu tu, habari, nzuri. Kisha akahama, sikujua alienda wapi, na sikuuliza. Mama Njoki naye hakutaka kuniona tena, na simlaumu, ingawa mpaka leo nalikumbuka blanketi lake.

Bado nina santuri moja. Sina mashine ya kuipigia, na hata ningekuwa nayo singethubutu. Naitoa tu wakati mwingine naangalia lile gauni. Nilishona vizuri, mshono hauonekani.

Dada yangu, ukiachwa, sema umeachwa. Watakucheka pale bombani, halafu maji yatajaa ndoo na kila mtu ataenda kwake. Mimi niliogopa kicheko cha ploti moja. Nilikaa ukuta kwa ukuta na Tabitha mpaka siku alipohama, nikitega sikio kila alipoosha vyombo, na sikusikia tena kitu isipokuwa maji.